Muuguzi Ujerumani: miaka mitatu ya kibali cha kudumu huhesabiwa kuanzia lini?

SWALI

Mshauri, hujambo. Mimi ni muuguzi kutoka Kisii, nina diploma, na sasa niko hospitali moja hapa Kassel. Nilitua Ujerumani Machi 2022. Mwezi wa nne nikaanza kazi kama msaidizi wa wauguzi, huku nikifanya mafunzo ya kujaziliza yale yaliyopungua kwenye diploma yangu. Juni 2023 nikapata cheti cha kutambuliwa kuwa muuguzi kamili, na Agosti 14 nikapewa kadi mpya ya ukaazi. Machi 2025, nilipotimiza miaka mitatu, nilienda kuomba kibali cha kudumu. Afisa akanitazama, akatazama kadi, akaniambia bado. Hakueleza zaidi. Rafiki yangu mhandisi aliyekuja mwaka ule ule tayari ana chake. Wenzangu kwenye WhatsApp wanasema ni lazima miaka mitano. Nani mkweli? Na mume wangu, aliyenifuata Juni 2023 na anayefanya kazi saa 25 kwa wiki kwenye ghala, yeye ataomba lini? Tena mama yangu ni mgonjwa, nilitaka kuchukua likizo bila malipo ya miezi minane nikamuuguze. Je, hiyo itaniharibia?

JIBU

Dada, nianze na tarehe yenyewe, halafu nieleze ilikotoka. Kwa maelezo uliyotoa, siku yako ni Agosti 14, 2026. Machi 2025 ilikuwa mapema mno, na hiyo Machi 2027 ya kwenye WhatsApp ni ya njia nyingine. Yule afisa hakukuonea. Alichokunyima ni maelezo ya dakika mbili tu, nayo ni haya.

Kibali cha kudumu, ambacho kwenye barua za serikali huitwa Niederlassungserlaubnis, hupatikana kwa njia kadhaa. Njia ya kawaida iko kwenye kifungu cha 9 cha sheria ya ukaazi: uwe umekaa na kibali miaka mitano, na uwe umelipa michango ya pensheni miezi 60. Hiyo ndiyo wanayoisema wenzako, na hawajasema uongo. Wataalamu wamewekewa njia yao kwenye kifungu cha 18c, ambayo inataka miaka mitatu na michango ya miezi 36. Zamani ilikuwa miaka minne na miezi 48, ikapunguzwa kwenye marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika kwa awamu kati ya Novemba 2023 na Juni 2024. Ndiyo maana bado utamkuta mtu anaapa kwamba ni minne. Alisoma ukurasa wa zamani.

Sasa njoo kwenye jambo linalowaangusha wauguzi wetu wengi kuliko lolote lingine. Ile miaka mitatu si ya kuishi Ujerumani. Ni ya kushika kadi iliyotolewa chini ya kifungu cha 18a, 18b, 18d au 18g. Cha 18a ni cha wenye taaluma ya ufundi au ya chuo cha kati iliyotambuliwa, na humo ndimo wanamoingia wauguzi wa diploma. Cha 18b ni cha wenye shahada, 18d ni cha watafiti, na 18g ni ile Kadi ya Bluu ya Ulaya. Kifungu cha 16d, ambacho ni cha watu wanaoendelea kutafuta kutambuliwa, hakimo kwenye orodha hiyo.

Itoe kadi yako ya kwanza, au nakala yake kama ulirudisha yenyewe. Tafuta palipoandikwa Anmerkungen, yaani maelezo ya ziada. Naamini utakuta 16d hapo, kwa sababu ulipofika ulikuwa bado hujatambuliwa. Ulikuwa msaidizi mwenye mafunzo ya kujaziliza. Kisha shika kadi ya sasa, tazama mahali pale pale. Ikiwa imeandikwa 18a na ilianza Agosti 14, 2023, basi hesabu yako ilianza siku hiyo. Miezi 17 iliyotangulia haikupotea kabisa, maana inahesabika kwenye ile miaka mitano ya njia ya kawaida. Kwenye mitatu ya wataalamu haimo. Ukilinganisha, njia ya wataalamu inakufikisha Agosti 2026 na ya kawaida Machi 2027. Chukua ya kwanza.

Najua utauliza kuhusu ile miezi miwili ya katikati. Cheti kilitoka Juni, kadi ikatoka Agosti, na kuchelewa hakukuwa kosa lako. Mahakama za utawala za Ujerumani zinakubali kwamba kibali kinaweza kutolewa kwa kurudi nyuma hadi siku ulipokiomba, ukionyesha kwamba tarehe hiyo ina maana kwako. Lakini hilo ni shauri la wakili, na kwa miezi miwili sikushauri uliguse. Utamaliza miezi hiyo mkiandikiana barua, na pesa za wakili zitakuwa zimekwenda. Angekuwa mtu aliyesubirishwa mwaka mzima, ningesema vingine.

Kwa wasomaji walio bado Nairobi au Mombasa wakisubiri viza: mtu aliyetambuliwa kikamilifu kabla ya kusafiri, akaja na viza ya 18a, hesabu yake huanza siku anayoingia, maana muda wa viza ya kitaifa unajumlishwa kwenye muda wa kibali. Kwa hiyo wauguzi wawili wanaweza kupanda ndege moja, wakafanya kazi wodi moja, na mmoja akatangulia kupata kibali cha kudumu kwa mwaka mzima na zaidi. Wakala wa ajira mara nyingi hawalisemi hili, labda kwa kuwa wao hulipwa mtu anapoanza kazi. Yanayofuata hayawahusu. Na ule mkataba wa wafanyakazi ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin Septemba 13, 2024 usiuchukulie kuwa njia ya mkato. Masharti ya kibali cha kudumu yamebaki yale yale ya sheria ya ukaazi kwa Mkenya, Mfilipino au Mbrazili.

Rafiki yako mhandisi ana Kadi ya Bluu. Wenye kadi hiyo hupata kibali cha kudumu baada ya miezi 27 wakiwa na Kijerumani cha kiwango cha A1 tu, yaani cha anayeanza, na baada ya miezi 21 wakiwa na B1, yaani cha kati. Kadi ya Bluu inataka shahada na mshahara unaofikia kiwango kinachopangwa upya kila mwaka, kwa hiyo usijilinganishe naye. Wako pia vijana waliokuja kusomea uuguzi hapa hapa kwa miaka mitatu. Hao wakishahitimu na kupata kadi ya mtaalamu hungoja miaka miwili badala ya mitatu, na michango yao inayotakiwa ni ya miezi 24. Mafunzo yako ya kujaziliza hayakuingizi kwenye kundi hilo, kwa sababu taaluma yenyewe uliipata Kenya.

Hiyo ni hesabu moja. Iko ya pili inayokwenda sambamba nayo, ya pensheni, na hapa mambo yamekuendea vizuri pengine bila wewe kujua. Michango haiulizi kadi yako ilikuwa ya kifungu gani. Tangu Aprili 2022 ulipoanza kazi ya usaidizi, kila mwezi mwajiri amekukata asilimia 9.3 ya mshahara na yeye akaongeza 9.3 nyingine. Ikiwa hakuna mwezi ulioruka, miezi 36 ilitimia Machi 2025. Basi unachosubiri ni ile miaka ya kadi tu.

Ila usiseme "ikiwa" mbele ya afisa. Andikia Deutsche Rentenversicherung, yaani shirika la bima ya pensheni, sasa hivi, au ingia kwenye tovuti yao kwa namba yako ya bima ya pensheni, uombe Versicherungsverlauf, yaani orodha ya michango yako yote. Ni bure na huletwa nyumbani kwa posta. Ikifika, isome mstari kwa mstari. Kila mstari una tarehe ya kuanza na ya kuisha, kiasi cha mshahara kwa euro, idadi ya miezi, na neno linalosema ni mchango wa lazima. Unatakiwa uone mstari wa Aprili hadi Desemba 2022 wenye miezi 9, halafu 2023 miezi 12, na kuendelea. Ukiona mwanya, tafuta sababu kabla hujafika kwenye dirisha la ofisi. Mara nyingi chanzo ni majina. Mwajiri wa kwanza aliandika jina la baba mbele, wa pili akaandika la kwenye pasipoti, na mtu mmoja akaonekana kama wawili wenye namba mbili za bima. Linarekebishika kwa kupeleka karatasi za mshahara za miezi hiyo, ila huchukua wiki nyingi.

Usishtuke pia ukiona mwaka huu hauonekani. Waajiri hupeleka taarifa ya mwaka hadi Februari 15 ya mwaka unaofuata, kwa hiyo orodha utakayochapisha Juni 2026 huenda ikaishia Desemba 2025. Miezi iliyobaki unaithibitisha kwa karatasi za mshahara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni faili moja lenye karatasi zote za mshahara tangu ya kwanza. Nimekutana na wauguzi wanaozitupa kila mwezi wakishaona pesa zimeingia benki. Usiwe mmoja wao.

Yako mambo mawili ya pensheni ambayo huenda hayakuhusu, lakini atayasoma mwenzako. Kazi ndogo ya ziada, ile wanayoiita minijob, humruhusu mtu kuomba asikatwe pensheni. Anayefurahia kupata euro chache zaidi kwa njia hiyo ajue miezi yake haitajazwa. Na aliyewahi kufanya kazi Ujerumani, akarudi nyumbani na kudai arudishiwe michango yake, ile miezi ya zamani imefutika. Akija tena anaanza upya.

Lugha tuipite haraka. Sheria inataka B1, na wewe huwezi kuwa ulipata cheti cha uuguzi bila kuivuka. Tafuta tu kile cheti cha mtihani wenyewe, kwa sababu afisa hataki kusikia jinsi unavyoongea, anataka karatasi.

Mtihani wa kuijua nchi, unaoitwa Leben in Deutschland, ndio ambao wauguzi wengi hukumbuka mwishoni. Una maswali 33 ndani ya dakika 60, na kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Maswali yote yanayoweza kuulizwa yametangazwa na ofisi ya shirikisho ya uhamiaji. Ni 300 ya nchi nzima pamoja na 10 ya jimbo lako, na kwako wewe jimbo ni Hessen. Kwa kibali cha kudumu unahitaji kupata 15. Kwa uraia wanataka 17, kwa hiyo fanya bidii uzipate hizo 17 mara moja, cheti kikufae mara mbili. Ada ni euro 25. Mtihani wenyewe hautamsumbua mtu anayesoma chati za wagonjwa kwa Kijerumani kila siku. Kinachosumbua ni nafasi za kuufanya na muda wa kungoja cheti, ambao unaweza kuwa wiki kadhaa. Jiandikishe mapema kwenye chuo cha jamii cha mji wako, kile kinachoitwa Volkshochschule.

Nyumba nayo hupimwa. Desturi ya ofisi ya wageni, ile inayotoa vibali, ni mita za mraba 12 kwa kila mtu aliyezidi miaka sita, na 10 kwa mtoto wa chini ya hapo, pamoja na jiko na bafu. Wewe na mume wako mnahitaji 24, na upungufu mdogo hausababishi ugomvi. Kama bado mnaishi bweni la wafanyakazi la hospitali, hakikisheni kuna mkataba wenye majina yenu wote wawili.

Kuhusu kipato, wanachotazama ni kama mshahara unatosha kodi ya nyumba, bima ya afya na matumizi bila kuomba msaada wa serikali. Posho ya watoto haihesabiwi kama msaada wa aina hiyo. Pesa unazotuma Kisii ni shauri lako, hakuna fomu inayoziuliza.

Kwa mwajiri, omba barua ya karibuni inayosema unafanya kazi hapo, saa ngapi kwa wiki, na kwamba hakuna aliyempa mwenzake notisi. Mkataba usio na ukomo unarahisisha sana, na ofisi nyingi hutaka pia uwe umemaliza muda wa majaribio. Kwa hiyo kama unafikiria kuhamia hospitali nyingine, usihame Juni 2026. Hama sasa au hama baada ya kupata kibali. Kuhama hakukati ile miaka mitatu mradi kadi ya mtaalamu iendelee kuwa halali, ila kuingia ofisini ukiwa na mwezi mmoja kazini ni kujitafutia maswali. Tena usiombe ruhusa ya mwajiri wala usisikilize anayekuambia wakala wako lazima asaini kwanza. Madai ya wakala kuhusu gharama za kukuleta, ukiwa bado unayo, ni jambo kati yenu na mahakama. Ofisi ya wageni haihusiki nayo. Na ukitimiza masharti ya 18c, kibali ni haki yako, si hisani ya afisa.

Maombi yapeleke karibu Juni 2026, maana miadi Kassel au penginepo haipatikani kesho yake. Weka wazi kwenye barua kwamba unaomba kwa kifungu cha 18c na kwamba miaka mitatu inatimia Agosti 14. Usipokitaja kifungu, karani anaweza kukupima kwa kile cha 9 na kukurudisha tena. Peleka pasipoti, kadi ya sasa, cheti cha kutambuliwa kama muuguzi, orodha ya pensheni, karatasi za mshahara za miezi sita ya mwisho, barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba, uthibitisho wa bima ya afya, cheti cha lugha na cha ule mtihani. Picha siku hizi hupokelewa kidijitali, hivyo uliza kabla ya kulipia za karatasi. Ada ya kibali chenyewe ni euro 113. Miadi haina bei. Yeyote anayekuuzia nafasi ya miadi, mzuie kwenye simu yako.

Tazama pia kadi ya sasa inaisha lini. Ikiisha wakati maombi bado yako mezani, hakuna tatizo mradi uliomba kabla haijaisha. Utapewa karatasi ya muda inayoendeleza haki zako zote, pamoja na ya kufanya kazi. Ikipita miezi mitatu bila jibu na bila sababu ya maana, sheria inakuruhusu kuishtaki ofisi kwa kukaa kimya. Mimi huwaambia watu waanze kwa barua ya heshima, kisha barua ya pili yenye tarehe ya mwisho, na mara nyingi hiyo ya pili inatosha. Washauri wa wahamiaji wa Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu wa Ujerumani wataiandika pamoja nawe bila malipo.

Mumeo sasa. Yeye amebahatika na mabadiliko yale yale ya sheria. Zamani angesubiri miaka mitano. Siku hizi mke au mume wa mtu mwenye kibali cha kudumu cha 18c anaweza kuomba chake baada ya kushika kadi miaka mitatu, ikiwa wanaishi pamoja na anafanya kazi angalau saa 20 kwa wiki. Saa zake 25 zinatosha, na miaka mitatu inatimia Juni 2026, lakini ni lazima wewe utangulie kupata, kwa sababu haki yake inaegemea kibali chako. Hadaiwi ile miezi 60 ya michango. Anadaiwa B1 na ule mtihani wa maswali 33. Ikiwa Kijerumani chake ni kile cha ghala tu, cha "leta hapa, peleka pale", mwandikishe darasani mwezi huu. Katika familia nyingi ninazoshughulikia, faili la mke hukamilika na la mume linangoja cheti cha B1.

Nimeliacha la mama mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kuangusha yote hayo, na pole kwa kumuuguza ukiwa mbali.

Ukiondoka miezi minane sasa, kabla ya Agosti 2026, kadi yako ya 18a inakufa. Kibali hufutika chenyewe, bila barua, mtu akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila ofisi kumwongezea muda. Hufutika hata mapema zaidi ikiwa safari yenyewe inaonekana si ya muda. Dalili wanazotazama ni kama umejifuta kwenye daftari la wakazi, umerudisha nyumba, umeacha kazi. Na kikishafutika, miaka mitatu yako ya wataalamu unaanza kuihesabu upya. Kwa sasa nenda kwa likizo yako ya kawaida ya mwaka, hata mara mbili, wiki tatu tatu.

Watu hudhani kibali cha kudumu kinaondoa kanuni hiyo. Hakiiondoi. Hicho hakina tarehe ya kuisha, na hata ukipoteza kazi kinabaki, unaweza kuacha uuguzi ukafungua mgahawa, lakini miezi sita ya nje bado inakihusu. Tofauti ni kwamba kwa mwenye kibali hicho ofisi ya wageni kwa kawaida huandika muda mrefu zaidi, ukiomba kabla ya kuondoka na ukiwa na sababu ya muda. Ugonjwa wa mzazi ni sababu. Omba barua kutoka hospitali anakotibiwa mama, itafsiriwe kwa Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa, uambatanishe na barua ya mwajiri inayosema likizo ni ya tarehe hii hadi hii na nafasi yako inakungoja. Mkataba wa nyumba uendelee, na mumeo abaki amesajiliwa hapo. Kuanzia Machi 2027, utakapotimiza miaka mitano nchini na michango ya miezi 60, unaweza kuomba pia kibali cha ukaazi wa muda mrefu cha Umoja wa Ulaya. Hicho huvumilia miezi 12 mfululizo nje ya Umoja huo, na Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Januari 2022 kwamba hata siku chache za kurudi ndani ya Umoja zinakata hesabu ya miezi hiyo. Kwa mtu mwenye mzazi mgonjwa Kisii, kibali hicho kinafaa kuliko kile cha kwanza, na kuwa navyo vyote viwili kunaruhusiwa.

Uraia nao unaombwa baada ya miaka mitano, na tangu Juni 27, 2024 Ujerumani haikutaki uache wa kwanza. Kenya nayo inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, ila ukiupata wa pili utoe taarifa kwa serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Raia hahesabiwi miezi ya kukaa nje. Mtanzania hana nafasi hiyo, kwa sababu akichukua uraia wa Ujerumani anapoteza wa kwao. Kwake kile cha Umoja wa Ulaya ndicho cha kushika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, dada, ikiwa hali ya mama inaruhusu kungoja, ile miezi minane ipange baada ya kadi mpya kufika mkononi. Ikiwa hairuhusu, usiseme kimoyomoyo kwamba utarudi siku ya 179. Ndege huahirishwa, wagonjwa huzidiwa. Nenda ofisini kabla hujakata tiketi, uombe muda mrefu kwa kadi yako ya sasa, na usiondoke na jibu la mdomo. Wakikuongezea muda, barua hiyo isafiri nawe ndani ya pasipoti, kwa sababu polisi wa mpakani Frankfurt siku ya kurudi anaweza kuuliza ulitoka lini na kuanza kuhesabu.